Historia ya Marehemu Nagumo Yoshiteru, Mtunzi wa Nyimbo Zisizoisha

Mheshimiwa kasisi wa hekalu letu, ndugu wa ukoo wa Nagumo, wageni mliotoka Osaka na Tokyo kwa treni iliyosimama njiani kwa sababu ya theluji, majirani wa Kamisuge ambao hamkuhitaji treni bali sepetu za kuzibua mlango tu, kwa niaba ya familia nawasalimu na kuwashukuru kwa kuja kumsindikiza ndugu yetu. Mimi ni Nagumo Masaomi, mdogo wake marehemu, mstaafu wa ofisi ya mji, na wengi mnanifahamu kama yule mtu wa vipaza sauti, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kusimamia vile vipaza sauti vinavyotangaza tahadhari ya maporomoko na kupiga muziki wa saa kumi na moja jioni, ule wa kuwarudisha watoto nyumbani. Najua mmeshangaa kwa nini mkesha umeanza mapema hivi, na shangazi Shizu amenung'unika tangu asubuhi kwamba watu wenye adabu huanza saa kumi na mbili baada ya kula, lakini ninayo sababu, nayo nitaisema kabla sijakaa, kwa hiyo naomba mnivumilie nimalize kusoma kabla ya muziki huo kupigwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1955, hapa hapa Kamisuge, mkoa wa Niigata, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Nagumo Eizo, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kutengeneza pombe ya mchele, na marehemu mama yetu Tsune. Alifuatiwa na dada yetu Hisae, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1957, na mimi ndiye kitinda mimba, niliyezaliwa mwaka 1964, na tofauti ya miaka iliyopo kati yangu na hao wawili ina maelezo yake, ambayo familia yetu haijawahi kuyasoma mbele za watu, na leo nitayasoma.

Alianza shule ya msingi ya Kamisuge mwezi Aprili 1962, akasifiwa kwa kuimba na kukemewa kwa hesabu, na majira ya baridi ya mwaka huo huo ndipo ilipoanguka theluji kubwa ambayo wazee wetu bado wanaitaja wakitaka kutunyamazisha tunapolalamika. Mchana wa tarehe 23 Januari 1963 alikuwa akicheza na Hisae mchezo wa kujificha nyuma ya maghala ya kiwanda, yeye akiwa ndiye mtafutaji, amefumba macho na kuelekea ukutani, akauliza kwa ule wimbo ambao kila mtoto wa nchi hii anaujua, "Tayari?", na Hisae akajibu kutoka mahali fulani kwenye theluji, "Bado." Akauliza tena, akajibiwa tena, "Bado," na kabla hajauliza mara ya tatu muziki wa saa kumi na moja ukalia kutoka paa la ofisi ya mji, na marehemu, aliyekuwa na miaka saba, akafanya kile ambacho kila mtoto wa Kamisuge hufanya hadi leo muziki ule unapolia, aliacha mchezo palepale bila kumwambia mwenzake neno, akaenda nyumbani, akidhani na mwenzake naye anaenda. Hisae hakuja. Wanaume wa mji walichimba hadi wakachoka wakachimba tena, na theluji ilipoyeyuka mwezi Aprili ilirudisha kila kilichopotea majira yale, baiskeli ya mwalimu, sufuria, mbwa wa watu wa duka la mafuta, lakini dada yetu haikumrudisha, wala kiatu chake.

Baba alitaka kufanya mazishi ya jeneza tupu, kasisi wa wakati huo akakubali, na hata jiwe la kaburi likachaguliwa, ila mama alisimama mlangoni na kuwaambia wote, "Mtoto amesema bado, nyinyi mna haraka ya nini?" Tangu siku hiyo mlango wetu wa nyuma haukuwahi kufungwa kwa komeo, bakuli lake la wali likawekwa mezani kila jioni, na udi haukuchomwa kwa jina lake, maana udi ni wa waliokwisha kufika kwa wafu. Mimi nilipozaliwa watu walimwambia mama kwa nia njema kwamba huyu amekuja kushika nafasi, naye akawajibu kwamba nafasi haiko wazi, nami nimekua nikijua hivyo, na sikumchukia kwa hilo, ingawa kuna siku nililitazama lile bakuli kwa hasira.

Marehemu aliendelea na masomo ya sekondari katika mji wa Tokamachi, akajifunza kinanda kwa mwalimu wa kanisa dogo la huko, na mwaka 1974 akaingia chuo cha muziki mjini Tokyo, ambako hakumaliza, kwa sababu mtihani wa mwisho ulimtaka atunge kipande chenye mwanzo, kati na mwisho, naye akawasilisha chenye mwanzo na kati. Profesa alimuuliza mwisho uko wapi, akajibu kwamba haujafika. Baada ya hapo alipiga kinanda kwenye hoteli za chemchemi za maji moto, akiwapigia wazee waliolewa nyimbo za kizamani, na mama yetu akawa anawaambia majirani kwamba mwanawe yuko kwenye sanaa.

Tarehe 1 Aprili 1983 aliajiriwa na kampuni moja ya Osaka iliyokuwa imeanza kutengeneza michezo ya video, na hapo ndipo alipopata kazi iliyomfaa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu, kwa sababu muziki wa gemu hautakiwi uwe na mwisho, unazunguka na kurudi mwanzo hadi mchezaji afe au ashinde. Mashine ya wakati ule ilikuwa na sauti tatu tu za kuimba na moja ya kufanya mvumo, ule mvumo wa theluji inayopeperushwa, na nafasi ya kuhifadhia ilikuwa ndogo kiasi kwamba kila noti iligombaniwa. Yeye kila alipotunga aliweka noti tatu zinazopanda, kisha akaacha kimya, na katika mashine ile kimya nacho kinakula nafasi kama noti, jambo lililomkera sana mkuu wake wa idara, Bwana Wakatsuki, ambaye nafurahi kumwona hapa akiwa na fimbo yake, na ambaye siku moja alimuuliza mbele ya idara nzima, "Nagumo, nakulipa utunge au nakulipa unyamaze?" Marehemu aliinamisha kichwa kama inavyopasa, akasema, "Bosi, hapo sijanyamaza, hapo ni zamu ya mtu mwingine." Bwana Wakatsuki ameniambia jana kwamba alitaka kumfukuza siku ile, ila aliiangalia sura yake akaona afadhali akanywe chai.

Wakati huo kampuni hazikuruhusu watunzi waandikwe kwa majina yao halisi, zikiogopa kunyang'anywa watu na kampuni nyingine, hivyo kila mmoja alijitafutia jina la kuchezea, wengine wakajiita kwa majina ya samaki au ya paka wao, na yeye akajiita Oni, yaani zimwi, ndilo jina tunalomwita mtafutaji katika mchezo wa kujificha. Vijana walioipenda kazi yake walidhani ni mtu wa kupenda vitisho, wakamtumia picha za mafuvu kila mwaka mpya, naye aliwajibu wote kwa heshima. Mimi nilipoliona jina lile kwenye televisheni ya mtoto wa jirani nililitambua mara moja, nikazima televisheni, mtoto akalia.

Mwaka 1986 alitunga muziki wa gemu iliyoitwa Njia ya Theluji, iliyouzwa nchi nzima, na wale waliocheza watakumbuka kwamba shujaa akitembea mlio wa nyayo zake huiba sauti moja ya muziki, kwa hiyo zile noti tatu zilisikika tu pale mchezaji aliposimama bila kugusa kitu. Watoto wachache walisimama, na barua zikaanza kufika kampuni, mtoto wa Sendai akiuliza kwa adabu kwa nini gemu inasema "bado" kwa sauti ya mtu wakati mashine yake haiwezi kusema, mwingine wa Hiroshima akisema anayejibu ana mafua. Bwana Wakatsuki aliona ni kasoro ya kiwandani, akampa kazi ya kuitafuta mtengeneza programu mmoja makini, binti wa Kobe aitwaye Hamaguchi Rieko, ambaye aliipitia programu yote mstari kwa mstari, akathibitisha kwamba mahali pa kimya pana kimya. Kisha, kwa kuwa hapendi kuacha kazi nusu, alikaa mchana kutwa mbele ya televisheni, shujaa wake amesimama kwenye theluji, na jioni akaenda kwenye meza ya marehemu, hakuuliza inawezekanaje, aliuliza tu, "Bwana Nagumo, huyu ana miaka mingapi?" Hivyo ndivyo uchumba wao ulivyoanza, na shemeji yangu amenipa ruhusa ya kuyasema haya.

Walifunga ndoa tarehe 3 Mei 1988 mjini Kobe, mama yetu akahudhuria akiwa amevaa kimono cheusi cha kuazima, akaacha mlango wa nyuma wazi na maagizo kwangu kuhusu bakuli. Tarehe 14 Juni 1991 walijaliwa mtoto mmoja, Mizuki, aliyekaa hapa mbele, daktari wa meno ambaye amenikemea leo leo kuhusu peremende. Marehemu alikuwa baba wa kucheza, alicheza karata, alicheza mpira, alijifanya farasi, ila mchezo wa kujificha hakuukubali, na Mizuki akilalamika mama yake alimtania kwamba baba yako ni mtu mzima anayeogopa kabati. Lakini Mizuki alipokuwa na miaka minne walimsikia peke yake ndani ya kabati la magodoro akisema kwa sauti ya wimbo, "Bado, bado," na marehemu alipofungua na kumuuliza kwa upole ni nani aliyemuuliza, mtoto akajibu, "Hakuna, nilikuwa namsaidia kusema, amechoka." Wiki hiyo hiyo walihama nyumba, na Mizuki hakumbuki hata rangi ya lile kabati, jambo ambalo sote tunashukuru.

Mashine zilikua, sauti tatu zikawa nyingi kupita kiasi, kisha zikawa okestra nzima ya watu wenye fidla na tarumbeta, na marehemu akatunga muziki wa gemu zaidi ya arobaini, akaruhusiwa hatimaye kuandikwa kwa jina lake, akapokea tuzo ambazo alimtumia mama naye akaziweka juu ya jokofu. Katika onyesho la Tokyo la mwaka 2002 kiongozi wa okestra, mtu wa kuheshimika na mwenye hasira za karibu, alimuuliza kwenye mazoezi, "Mwalimu, samahani, wapigaji wangu wanataka kujua wanaachia wapi," naye akamwambia, "Hawaachii, wapunguze tu sauti hadi wasisikike." Watu walilipenda jibu hilo, likaandikwa magazetini kama falsafa. Mimi nilimjua kaka yangu, haikuwa falsafa, ilikuwa woga.

Woga huo aliniambia mwenyewe mwaka 2004, pale mashine ya zamani ya muziki wa saa kumi na moja ilipoharibika na ofisi ya mji ikanituma nimwombe atutungie mpya. Alikataa, akasema kwenye simu, "Masaomi, nimekuwa nikimuuliza tangu utoto, na kila siku nakesha nikiomba ajibu tayari, halafu naomba asijibu, maana akishasema tayari itanibidi nikamtafute, na sijui nitamkuta ana umri gani." Nikamwambia bajeti yetu ni ndogo lakini tunalipa kwa wakati. Aliyemshinda ni mama, ambaye alininyang'anya simu na kusema, "Muulize kwa vile vipaza sauti, vinafika hadi bonde la pili, mimi sauti yangu imekwisha." Basi akatutungia huo muziki mnaousikia kila jioni, mfupi, mzuri, wenye noti tatu zinazopanda mwishoni, na baada yake kimya.

Mtakumbuka malalamiko yaliyofuata. Mzee Kiuchi wa bafu la umma alikuja ofisini kwangu na taulo shingoni, akaniambia, "Wewe Masaomi, mashine yenu inasema baada ya kuzimwa." Nikamjibu, "Ni mwangwi wa mlima, mzee wangu." Akanitazama kama anavyowatazama wanaoingia majini bila kuoga kwanza, akasema, "Mwangwi hurudisha ulichosema, huu unasema kingine." Niliandika kwenye ripoti kwamba ni mwangwi, na kwa miaka yote iliyobaki ya utumishi wangu niliandika hivyo hivyo, na ninyi nyote mkazoea, mkawa mnafunga madirisha muziki unapokaribia kwisha, tena hakuna aliyewafundisha.

Mama yetu alifariki tarehe 6 Novemba 2011, marehemu akiwa amemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto, na muziki wa jioni ulipokwisha aliuliza, masikio yake yakiwa yamekufa zamani, "Leo amesemaje?" Kaka akamwambia, "Bado, mama." Akasema, "Basi mimi nitatangulia, mmwekee wali," na akatangulia.

Mwezi Machi 2022 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Osaka hadi madaktari walipomweleza ukweli, ndipo akaomba aletwe Kamisuge, akalazwa katika hospitali yetu ndogo, kwenye chumba cha ghorofa ya pili ambacho dirisha lake linatazama yalipokuwa maghala ya kiwanda. Hakuwa mgonjwa msumbufu, alikula uji, alisikiliza mvumo wa theluji, na kila jioni alifunguliwa dirisha kidogo.

Tarehe 24 Januari 2023, siku ya dhoruba mnayoikumbuka wote kwa sababu ni juzi, muziki ulipigwa saa kumi na moja, na tulikuwepo chumbani mimi, shemeji Rieko, na muuguzi Igarashi. Marehemu, ambaye kwa muda hakuwa na sauti zaidi ya kunong'ona, aligeuza uso wake ukutani, akafumba macho, na noti tatu zilipolia aliuliza pamoja nazo kwa sauti kamili ya mtoto wa miaka saba, "Tayari?" Jibu halikutoka dirishani. Lilitoka nyuma ya pazia la kitanda, karibu kabisa, sauti ya mtoto mwenye mafua, nasi watatu tulilisikia, "Tayari." Kaka yangu akageuka, akatabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona usoni kwake maisha yangu yote, akasema, "Kumbe ulikuwa hapa hapa, nimekuona Hisae," na muuguzi Igarashi, bila kuambiwa na mtu, akasogea pembeni kupisha. Marehemu alivuta pumzi yake ya mwisho mlango ukiwa unajifunga taratibu. Ameacha mjane mmoja, mtoto mmoja, mdogo mmoja ambaye ni mimi, na muziki ambao watu wengi walikulia ndani yake.

Familia inawashukuru madaktari wa Osaka na wa hapa, na kwa namna ya pekee muuguzi Igarashi, ambaye ameomba likizo na tunamtakia aipate. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake na Bwana Wakatsuki, majirani mliozibua njia ili jeneza lipite, mzee Kiuchi aliyewasha bafu bure kwa wageni, na kasisi wetu, ambaye leo ameandika majina mawili mapya ya safari, yale wanayopewa waliofariki, la kaka na la dada, na udi mnaounusa ni wa wote wawili. Bakuli nimeliosha na kulihifadhi.

Sasa ile sababu. Nyinyi mliokulia hapa mnaijua sheria ya mchezo, aliyeonwa ndiye anayetafuta raundi inayofuata, na aliyekuwa akitafuta ndiye anayekwenda kujificha. Jana jioni nilisimama chini ya kipaza sauti cha shule, muziki ukaisha, nikasubiri ile "bado" niliyoizoea, haikuja. Badala yake lilikuja swali, lenye noti zile zile tatu, kwa sauti ile ile ya mafua, na mimi, mtu mzima mwenye pensheni, nilikuwa nimeshafungua mdomo kabla sijajiziba kwa glavu. Wenzangu wa ofisi ya mji wamenipigia wakijitolea kuzima mashine jioni ya leo, nimewakatalia, maana aliyeulizwa kwa miaka sitini hawezi kunyimwa zamu yake ya kuuliza. Nimewaita mapema ili muziki huo uwakute hapa, nikiwa nimewaambia, na si njiani mkirudi. Zimebaki dakika chache, kwa hiyo naomba wenye watoto wawapakate, muwafumbe midomo kwa upole, maana mtoto akisikia swali lile hujibu bila kufikiri, na sisi wazee pia tujizuie, asijibu mtu yeyote, anayeulizwa humu ndani ni mmoja tu na amelala hapa mbele yetu.

Pumzika kwa amani, kaka, na ujifiche vizuri.